Si Bure, Bali Huru

Waswahili tuna neno "bure" na tuna neno "huru", na hata mtoto wa chuoni hawezi kuyachanganya. Bure ni kitu kisicholipiwa, na mara nyingi tukitajapo huwa tumekidharau: maneno ya bure, kazi ya bure, mtu bure. Huru ni yule asiyekuwa mtumwa wa mtu. Waingereza, pamoja na wingi wote wa maneno yao, mambo haya mawili wameyatia ndani ya neno moja, na kwa sababu hiyo bwana mmoja wa Kimarekani aitwaye Richard Stallman amekuwa akijieleza kwa walimwengu tangu mwaka 1983 kwamba yeye hasemi habari ya bei, asema habari ya uungwana. Angalizaliwa Lamu au Mvita angalipumzika zamani.

Bwana Stallman alikuwa fundi wa programu za kompyuta katika chuo cha MIT huko Marekani. Kisa chake chajulikana. Ofisini mwao ililetwa mashine ya kupiga chapa ya kampuni ya Xerox, nayo ikawa na tabia ya kukwama karatasi. Mashine waliyokuwa nayo kabla yake ilipokwama, mafundi waliifungua programu yake, wakaisoma, wakaiongeza maagizo ya kuwaarifu watu kwamba kazi imesimama. Hii mpya ilikuja imefungwa. Akaenda kwa mtu wa chuo kingine aliyekuwa na maandishi yake, akaambiwa hapana, nimetia sahihi mkataba wa kutomwonyesha mtu. Hapo ndipo moyo wake ulipogeuka. Mwezi wa Septemba 1983 akatangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kompyuta, auite GNU, na kila mtu awe na haki ya kuusoma, kuutumia, kuugawa na kuubadili. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, akaandika kiini kilichokuwa bado hakijakamilika, na mwaka uliofuata akakitia chini ya sharti lile lile la Stallman. Kiini hicho ndicho Linux. Leo kimo ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kupita zote duniani zaendeshwa nacho.

Msomaji asiyeijua kompyuta asinikimbie. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na binadamu, kama yaandikwavyo mapishi. Auzaye programu iliyofungwa hukupa biriani iliyokwisha pikwa, wala hakwambii kilichomo. Ukiona chumvi imezidi huna la kufanya, na juu ya hayo amekukataza kumpakulia jirani. Mwenye programu huria hukupa biriani pamoja na mapishi yake, akasema: ule, uyasome, umpe umtakaye, na ukijua kuungia zaidi yangu ungia, ila na wewe usimfiche mtu mapishi yako.

Haya si mambo ya Marekani tu. Nayaandika kwa sababu ya Ogembo.

Ogembo ni mji mdogo wa Gucha, katika milima ya Kisii, nchi ya majani ya chai na ndizi, ambako mvua haina haja ya kuombewa. Pana kijana pale mwenye saiba ya kompyuta sita. Huko bara saiba ndiyo ofisi ya wasio na ofisi. Mwalimu huja kuomba kazi kwa tume ya walimu, mwanafunzi huja kuomba mkopo wa HELB, mkulima huja kupeleka ripoti yake ya kodi kwa KRA hata kama hakupata kitu mwaka mzima, na mama huja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe katika eCitizen. Saiba ikifungwa watu hawa itawabidi kupanda gari mpaka Kisii mjini, na nauli ni nauli.

Kompyuta zake zote sita ni za mtumba, zimetumika Ulaya kwanza. Hazina ila kubwa. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitengeneza Windows 10, yaani tundu likionekana halizibwi tena, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kuongezewa muhula, na muhula wenyewe wa watu wa kawaida ni mpaka Oktoba 2026. Windows 11 nayo haikubali kuingia kihalali katika mashine kama zake, kwani yataka kijisehemu cha usalama ambacho mashine nyingi za zamani hazina, na akili ya kompyuta isiyopungua ile iliyoanza kutolewa mwaka 2017 hivi. Basi kompyuta nzima iwakayo, iandikayo, ipigayo chapa, imehukumiwa kuwa taka kwa barua kutoka ng'ambo. Na taka zenyewe huishia wapi, kama si kwetu?

Afanyeje kijana huyu? Afanyavyo kila mtu. Huja mtu na flashi mfukoni, akamtilia Windows iliyovunjwa kufuli, akalipwa shilingi mia chache akaenda zake. Mwaka ule mmoja flashi ya namna hiyo iliwatia ugonjwa mashine zake mbili, na barua za wateja, pamoja na tasnifu ya msichana mmoja aliyekuwa karibu kumaliza chuo, zikafungwa zisifunguke. Nilimwuliza kijana, "Na yule aliyekutilia?" Akanijibu, "Mzee, huyo simu yake haipatikani."

Hapa nataka kusema na Waislamu wenzangu wa pwani, kwa sababu jambo hili la Ogembo liko Mombasa, liko Malindi, liko Tanga na Unguja, na liko ndani ya madrasa zetu. Tumefungua vyumba vya kompyuta katika madrasa, na ni jambo jema. Lakini ni vyumba vingapi kati ya hivyo ambavyo Windows yake ilinunuliwa? Mwezi wa Desemba 1988, katika kikao chake cha Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipitisha azimio nambari 43, kwamba haki za mtungaji na za mvumbuzi ni haki zenye kuhifadhiwa na sheria ya dini, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Wako masheikh waliotafuta ruhusa kwa masikini na mwenye dharura, wala sitaki kuingia katika mlango wao, si mlango wangu. Nasema tu kwamba dharura huwa dharura pale halali inapokosekana. Ikiwa halali ipo, imewekwa mezani, na mwenyewe asema chukua, tumebaki na udhuru gani? Maalim amfundisha mtoto kwamba kiatu cha msikitini si chake akichukue, na mbele yao mashine nzima yaendeshwa na mali isiyolipiwa. Watoto wana macho.

Sisi kwa hakika ndio tungalikuwa wa kwanza kulifahamu jambo la Stallman, kwa kuwa twalijua kwa jina jingine. Sharti lake lile, aliloliandika mwaka 1989 akaliita GPL, ni wakfu. Mtu huchimba kisima akakiwekea wakfu, basi hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi hiba. Kila mwenye kiu ateka, na atakayekiongeza kamba au kukijengea ukuta hapati kwa hilo haki ya kukifungia mlango. Ndivyo lisemavyo sharti la GPL: aichukuaye programu, akaitengeneza zaidi, kisha akaigawa, hana budi kuigawa pamoja na maandishi yake na kwa uhuru ule ule aliopewa yeye. Waweza kutoza ujira wa kazi yako, kama mchota maji atozavyo ujira wa kuchota. Kisima chenyewe hakikuwa chako. Tumefundishwa tangu utotoni kuwa sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha humfuata mtu baada ya kufa kwake. Sijui kama mafundi wa Helsinki wanaliamini hilo, lakini kazi waliyoifanya imefanana nalo sana.

Na tusisahau namna tenzi zetu zilivyotufikia. Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 haukupigwa chapa na kampuni. Ulinakiliwa kwa mkono, nyumba hata nyumba, na anayenakili hakuomba idhini wala hakulipa ada. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi na mwandishi wa hati nzuri, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi ambazo leo zimo katika maktaba za Ulaya; lau kila utenzi ungalifungwa kufuli, tungekuwa na nini mkononi leo? Ni kweli kwamba wanakili wengine walibadili maneno, wengine waliharibu mizani, na mimi mwenyewe nina ugomvi wa miaka mingi na baadhi ya nakala hizo. Lakini waweza kuitengeneza nakala mbaya. Utenzi uliopotea hautengenezeki.

Sasa nisikie na upande wa pili, kwani sipendi mahubiri ya upande mmoja.

Wa kwanza husema: rahisi huvunja upishi, kitu kisicholipiwa kina ila. Huyu nimjibu kwa hospitali ya Gucha pale pale Ogembo. Kila mwezi hesabu za kila hospitali na zahanati ya Kenya, watoto waliochanjwa, kina mama waliojifungua, wagonjwa wa malaria, huingizwa katika mfumo uitwao DHIS2. Wizara ya Afya iliueneza nchi nzima mwaka 2011. Ni programu huria. Mizizi yake iko Afrika Kusini, baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, na Unguja ilikuwa miongoni mwa wa mapema kuutumia mfumo huo, kabla ya Kenya. Kama wizara nzima yaamini hesabu za roho za watu wake kwa programu huria, mwenye saiba aogope nini? Na kule Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na wenzake wa Indiana ndio waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa OpenMRS, daftari la wagonjwa ambalo sasa limeenea nchi nyingi. Na Ushahidi, ile ramani ya mwaka 2008 iliyokusanya habari za fujo baada ya uchaguzi, ilifanywa na vijana wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili, ikatolewa huria, ikaenda mpaka Haiti kwenye tetemeko la mwaka 2010. Hivi si vitu vya kuokotwa jaani.

Wa pili husema: lakini wateja wangu wameizoea Windows. Hili lina uzito, lakini si kama zamani. Kazi za saiba ya Ogembo karibu zote siku hizi hufanyika ndani ya intaneti, na kurasa za KRA na HELB hazimwulizi mtu anatumia mfumo gani. Kwa barua na hesabu kuna LibreOffice. Tatizo kubwa zaidi liko shuleni. Tunamfundisha mtoto wapi pa kubofya katika programu ya kampuni moja, kisha twasema amejifunza kompyuta. Kesho kampuni ikihamisha kibonyezo mtoto amekuwa mjinga tena. Ni kama kumfundisha mtu kusoma msahafu wa chapa moja tu.

Wa tatu ndiye aniumizaye, kwani asema kweli. Asema: vitu hivi huanza kwa shangwe, kisha hufa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux na wenzao wa Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Ilikuwa fahari. Watu walikaa wakatafuta maneno, mambo ambayo sisi washairi tungepaswa kuitwa (nasi tulikuwa tukigombana kama ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, kipanya au puku). Microsoft nayo, ilipoona, haikukaa nyuma, ikaleta Kiswahili chake katika miaka ile ile. Ushindani una baraka zake. Lakini Jambo haikuendelezwa, na leo kijana wa saiba hajapata kuisikia. Hali kadhalika ilikuwapo Ubuntu ya Waislamu, iliyoanza mwaka 2007, baadaye ikaitwa Sabily, yenye saa za sala na programu ya kusoma Qur'ani. Ilikoma. Waliokuwa wakiitunza walichoka, na wengi wetu tuliokuwa tukiitumia hatukutoa hata senti moja, tukasema si ni bure?

Hapo ndipo kosa la neno hurudi kututafuta. Msikiti ni wakfu, lakini mwadhini hula, na mafuta ya taa hununuliwa. Sisi watu wa pwani twajua vizuri jinsi wakfu usiotunzwa unavyoliwa; viko viwanja vingapi vilivyoachwa na mabibi zetu kwa ajili ya madrasa, leo vina maduka ya watu? Programu huria haiwezi kuibiwa namna hiyo, kwa kuwa nakala hazihesabiki, lakini yaweza kufa kwa kutotunzwa. Kamati ya madrasa iliyoepukana na gharama ya kununua Windows kwa mashine kumi haijaepukana na gharama ya fundi. Mlipeni kijana wa mtaani azitunze. Fedha hizo zitabaki mtaani, atanunua samaki kwa jirani yenu.

Nirudi kidogo kwenye lugha, kwa kuwa ndiko kulikonivutia. Jina Ubuntu lilichaguliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipotoa mfumo wake wa Linux mwezi wa Oktoba 2004, na kwa miaka mingi, mpaka 2011, walikuwa wakikuletea diski kwa posta popote ulipo bila kukutoza. Kwa Kiswahili ni utu. Kwa Ekegusii mtu ni omonto na watu ni abanto, basi mzee wa Ogembo asiyejua kompyuta halihitaji jina hilo kutafsiriwa. Zaidi ya hilo, kuna hazina moja huria ya lugha za dunia, iitwayo CLDR, ambamo simu na kompyuta huchota majina ya siku na miezi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa juhudi za watu wa programu huria wa Afrika waliotaka lugha mia za bara hili ziingizwe, Ekegusii nacho kiliingia. Nilikiangalia. Jumapili ni Chumapiri, Jumatatu ni Chumatato, Alhamisi ni Aramisi, Ijumaa ni Ichuma. Nikacheka peke yangu, maana hayo ni maneno ya misafara yetu, yalipanda mlima kwa miguu. Ila Jumamosi hawakuichukua kwetu. Wao huiita Esabato, kwa kuwa Waadventista wengi wako huko na hiyo ndiyo siku yao ya ibada. Juma moja limebeba Ijumaa ya Mwislamu na Sabato ya jirani yake. Kampuni gani ingetia fedha zake kuandika Esabato ndani ya kompyuta? Soko lake liko wapi? Aliandika mtu asiyengoja soko.

Mwaka 2025 watu wa programu huria wa Ulaya walianzisha kampeni iitwayo End of 10, kuwaambia wenye kompyuta za zamani wasizitupe, watie Linux. Ni kampeni nzuri, lakini imeandikwa kwa ajili ya mtu wa Berlin mwenye kompyuta moja ya nyumbani. Huku kwetu yafaa wasemwe kaunti, ambazo hununua kompyuta kwa zabuni kila mwaka na kutupa za mwaka jana stoo. Wasemwe wakuu wa vyuo vya ufundi. Na kamati za misikiti zisemwe na maimamu wao. Na wale wanaotuletea mitumba ya kompyuta kutoka Dubai na Ulaya waulizwe kabla ya kulipwa: hii yaingia nini?

Kijana wa Ogembo ametia Linux Mint katika mashine tano kati ya sita. Alifundishwa na mwenzake wa chuoni kwa muda wa jioni mbili, na flashi waliyotumia ameiweka, humpa kila aitakaye. Wateja wawili walilalamika siku ya kwanza, kwa kuwa kitufe cha kuanzia hakikufanana na kile cha zamani. Siku ya pili hakuna aliyesema neno. Mashine ya sita bado. Imefungwa kwa printa ambayo mtengenezaji wake hakutaka kutoa maandishi ya programu yake, na bila hayo Linux haijui kusema nayo. Ni kisa kile kile cha Stallman na Xerox, kimepanda mpaka Gucha baada ya miaka arobaini na zaidi. Printa yenyewe ilimgharimu kijana mapato ya miezi mitatu, na anatafuta mtu wa kubadilishana naye.